Foleni ya Mehak

Jumatatu saa saba mchana Mehak alirudi kutoka shule, akavua viatu, akaketi kwenye benchi la wateja dukani kwa baba yake, mikono juu ya magoti. Mama yake alimwita mara tatu aje kula wali na dengu. Mara ya tatu mtoto alijibu bila kugeuza shingo.

"Siwezi, Mama. Wakiniita nisipokuwepo, nitapoteza zamu yangu."

Mama huyo, Tahseen, alicheka. Mtoto wa miaka sita aliyekulia katika duka la kujaza fomu, atacheza mchezo gani mwingine? Lakini jua lilizama, mtoto akawa bado yuko pale pale, na kicheko kikamwisha mama yake.

Duka lenyewe liko kwenye uchochoro wetu, Delhi ya zamani, kati ya muuza kuku na fundi magodoro. Sharafat, mwenye duka, hutoa kopi, hupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu fomu za serikali. Ni kazi halali, lakini halali haikumtosha. Miaka miwili iliyopita alitengeneza tovuti yenye rangi za bendera na nembo inayofanana na ya serikali kama pacha. Watu waliotafuta kadi ya matibabu, ambayo serikali huitoa bure, waliikuta hiyo kwanza, wakalipa rupia mia tisa, wakapata ujumbe kwamba ombi lao linashughulikiwa. Halikushughulikiwa hata siku moja. Sisi majirani tulijua nusu tukanyamaza, na aibu hiyo ni yetu.

Daktari alikuja Jumanne. Hakukuta homa wala kikohozi, akaandika vitamini, akaenda zake. Walipojaribu kumbeba Mehak wampeleke kitandani, alipiga yowe la mtu anayeungua, ikabidi wamrudishe benchini, na hapo akatulia. Hakula, hakulala. Midomo ilianza kupasuka.

Sharafat aliketi karibu naye. Alipoweka mkono kwenye ile nafasi tupu upande wa kulia, alikuta ubao una joto, kana kwamba mtu amenyanyuka hapo sasa hivi. Harufu ya popo na mawe mabichi ilimjaa puani.

"Mwanangu, nani yuko hapo?" alinong'ona.

"Karani. Ana daftari. Usimkanyage miguu, Baba, imegeukia nyuma."

Sharafat aliuvuta mkono wake polepole.

"Na mbele yako kuna nani?"

"Watoto. Wengi sana, hata mlango siuoni vizuri. Wanaingia mmoja mmoja. Hawatoki." Mehak alimeza mate kwa shida. "Anayefungua mlango ni kaka mmoja, Arman. Ana midomo ya bluu. Ameniambia nisiogope."

Jina hilo Sharafat alilijua. Arman, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, alikuwa mtoto wa mjane Qamrun. Mwezi wa Ramadhani mama huyo alikuja dukani mara nne kuulizia kadi ya mwanawe, asijue kwamba tovuti aliyolipia ni ya huyu huyu anayemuuliza. "Subira, dada yangu," Sharafat alimwambia kila mara. "Mambo ya serikali yanataka subira." Arman alifia kwenye ukumbi wa hospitali, kwa sababu bila kadi hawakumpokea.

Sharafat alimweleza mkewe yote, kwa sauti ya chini, macho sakafuni.

"Wewe," Tahseen alisema. "Kumbe tulikuwa tunakula nini humu ndani? Mtoto wa watu! Nenda kamtafute wa kutuokoa, Sharafat, na usirudi na maneno."

Mjini kwetu, aliyeshindwa na ofisi za watu hupeleka ombi lake kwa majini wa magofu ya ngome ya kale. Huandikwa kama barua ya kumwandikia mkuu wa wilaya, na picha na anwani kamili, kisha hutolewa kopi ya kila chumba, maana kila chumba kina mkubwa wake na hakuna ajuaye faili liko mezani kwa nani. Siku yao ni Alhamisi. Siku hiyo Sharafat alimkuta Khala Shabbo, bibi anayefagia vyumba vile na kuwaopoa waliokamatwa na majini, akiwarushia mwewe vipande vya nyama.

"Nilikuwa nakungoja," Khala alisema. "Ombi la Qamrun nililiandika mimi, kwa mkono huu. Baada ya maziko aliambiwa tovuti ni ya nani, akaomba uonje kusubiri, basi. Hakumtaja binti yako. Namna ya kukuonjesha wamechagua wenyewe."

"Mtoe, Khala. Niko miguuni pako. Nitafanya lolote."

"Lolote ndilo lililokuponza, mjinga wewe. Fanya dogo tu. Andika ulichofanya, usikipake rangi. Kopi moja kila chumba. Wanasoma kesho baada ya swala ya Ijumaa, na wakiridhika humtoa mtoto kwenye mstari akarudi kwao. Foleni ile ni ndefu, binti yako ana siku nyingi. Nimewaona waliorudi baada ya wiki tatu."

"Na ada?"

Khala Shabbo aliacha kurusha nyama. "Ada gani? Hapa hakuna anayelipa. Usiache hata senti. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alirudi dukani akaifuta tovuti, akaandika kila kitu, jina la Arman akaliweka mstari wa kwanza, na alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, sitamnyima hilo. Alasiri alikuwa chini ya mapango ya magofu akiweka karatasi chumba baada ya chumba, moshi wa ubani ukimkaba koo, na kadiri alivyoingia ndani ndivyo mchana ulivyobaki nyuma yake, popo wakajigeuza darini, kitu kikawa kinahesabu hatua zake kwa miguu isiyokwenda upande mmoja naye, hata alipofika chumba cha mwisho alikuwa haoni ila ile midomo iliyopasuka ya binti yake, akawaza kwamba tangu azaliwe hajaona faili katika mji huu likisogea bila kitu chini yake, kwamba makarani wote husema hawapokei mpaka waione noti, kwamba kukataza kwa Khala ni adabu tu ya wazee, na mkono wake, uliozoea, ukatoa noti ya mia tano, ukaikunja, ukaisukuma chini ya karatasi. Gizani kitu kiliivuta kikaichukua.

Alikimbia njia nzima. Tahseen alimpokea mlangoni akilia na kucheka kwa pamoja.

"Amesimama! Sharafat, amesimama mwenyewe, ameomba maziwa!" Akamwachia mlango akakimbilia jikoni.

Mehak alikuwa wima mbele ya benchi, amejitengeneza nguo vizuri, macho yanang'aa kwa furaha.

"Baba! Karani amesema umenilipia. Wamenipitisha mbele ya wote."

Sharafat alipiga magoti akamshika mikono yote miwili.

"Kaa chini, mwanangu. Rudi nyuma. Waambie nimekosea, waambie unarudi mwisho kabisa. Nakuomba, Mehak, kaa."

"Lakini nimeshaitwa," Mehak alisema, akachomoa mikono yake taratibu, kama anavyofanya asubuhi kwenye geti la shule. Alipiga hatua moja. Mwili ulianguka kifuani kwa baba yake, mwepesi, na joto lake likaanza kuondoka.

"Mwambie asubiri kidogo," Tahseen aliita kutoka jikoni. "Maziwa yanachemka."