Watoto Wanne wa Kiragu

Miaka hiyo, asubuhi kwetu Kitengela ilikuwa vita vya karai. Watoto wanne walitaka kunawa wakati mmoja, na uji unachemka. Wawili niliwazaa mimi. Mumbi na Ngigi tuliachiwa na kaka wa mume wangu na mkewe, wote marehemu. Lakini sisi hatugawi watoto hivyo. Ni wetu, basi.

Mume wangu Kiragu hutibu mifugo ya watu huko Kajiado. Ameajiriwa na serikali. Mwaka wa 2003 alipata nafasi ya kusomea magonjwa ya ng'ombe ng'ambo, mwaka mzima, karo imelipiwa. Ilibaki viza tu. Jameni, tulifurahi!

Ubalozini aliulizwa ana watoto wangapi. Akasema wanne, wote amewazaa. Vyeti vya kuzaliwa vyenye jina lake vilikuwa viwili tu. Wakaona anawadanganya, wakamnyima viza. Masomo yalikuwa karibu kuanza, na nafasi isingemngoja. Roho iliniuma sana.

Jamaa fulani akaja kusema atamtengenezea vyeti vya wale wawili. Huyo nilimfukuza mlangoni, chai yenyewe hakuonja.

Jirani yetu Ndambuki hufanya kazi chuoni. Huwasaidia wanafunzi wanaokwenda nje. Nilimwita. Alituambia cheti cha uongo kingemfungia Kiragu njia kwa miaka mingi. Akasema pia kwamba kunyimwa mara moja si mwisho. Mtu anaweza kuomba tena akisharekebisha makosa.

"Sema ukweli wote," alimwambia Kiragu. "Wawili umezaa, wawili unalea. Beba vyeti vya wote, vyeti vya kifo vya wazazi wao, na barua ya chifu."

"Niseme Mumbi si wangu?" Kiragu aliuliza. "Ndugu yangu aliniachia hawa watoto. Siwezi kuwakana mbele ya wageni."

"Huko si kuwakana. Wale wa ubalozini wanataka kujua nani atalisha watoto ukiwa mbali, na kama uko na sababu ya kurudi. Wewe uko na sababu nne."

Kiragu akaanza kutafuta vyeti. Ofisi yake iliandika kwamba mshahara utaendelea na kazi inamngoja. Mimi nilileta barua ya shamba la maua ninakofanya kazi. Mara hii alijibu kila swali bila kuficha kitu, na viza akapewa. Nililia, sioni haya kusema.

Lakini bado alikuwa na mzigo moyoni. Asubuhi ya safari alimwita Mumbi, akamweleza alichosema ubalozini.

Mumbi alimtazama. "Uliwaambia utarudi kwetu?"

"Niliwaambia."

"Basi nenda, baba."

Alienda. Mwaka uliofuata akarudi kwa watoto wake wanne. Siku hiyo Ndambuki alikula kwetu mpaka akashindwa kuinuka, na mimi nikamwongezea.