Kilo Sita za Maji

Fundi wa makochi alikuwa na karakana ndogo mbele ya nyumba yake. Kazi yake ilikuwa kuvua makochi vitambaa vilivyochakaa, kuyatia sponji mpya, kisha kuyavika upya. Alipofanya kazi, alishika misumari midogo kwa midomo. Alitoa mmoja, akaugongomea, akatoa mwingine. Kwa hiyo mteja akimuuliza jambo, jibu la kwanza lilikuwa "Mmh." Jibu la pili lilikuja baada ya msumari wa mwisho.

Fundi alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mwaka uliopita daktari alimwambia kwamba moyo wake umechoka. Hausukumi damu kwa nguvu kama zamani. Alipewa dawa za kumeza kila siku, na alizimeza bila kukosa. Mkewe alihakikisha.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Alijua kupika, na alijua kwamba anajua. Lakini tangu mumewe augue, sufuria ya nyumbani ilimshinda. Fundi alikula vijiko vitatu, akasukuma sahani.

Mke akabuni njia. Kila jioni alichemsha supu ya mboga. Akatia vile vidonge vya supu vya dukani, viwili, ili inukie vizuri. Hiyo fundi aliimaliza.

"Angalau supu inapita," mke alisema.

"Supu yako, mke wangu, hata maiti angeomba kikombe cha pili."

Baada ya wiki chache fundi akaanza kunenepa. Uso ulijaa. Tumbo lilisukuma vifungo vya shati. Kinyozi wa jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Fundi, umenawiri! Shemeji anakulisha nini? Nipe siri na mimi nimwambie mke wangu."

Mke alisikia akiwa dirishani. Moyo wake ulifurahi. Watu walipomsifu mumewe, yeye ndiye aliyesifiwa.

Lakini fundi hakuelewa. "Mimi sili kitu," alimwambia mkewe. "Mwili unaongezeka tu. Au siku hizi hewa ina mafuta?"

"Acha utani. Mwili umepona, ndiyo maana."

Fundi hakusema yote. Hakusema kwamba viatu havimwingii tena, ila ndala. Hakusema kwamba akiinua kipande cha sponji, kitu chepesi kama mto, anatafuta pumzi. Usiku alilalia mito mitatu. Mkewe alipouliza, alisema ni shingo.

Akakata shauri mwenyewe. Kama amenenepa, basi apunguze kula. Akaacha chakula cha mchana. Akabaki na chai asubuhi na supu jioni. Mizani hakuwa nayo, lakini mkanda ulimwambia ukweli: bado alikuwa anaongezeka.

Mtaani kwao kulikuwa na mhudumu wa afya. Watu walimwita Dada Mizani, kwa sababu alitembea na mizani kwenye mkoba kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Asubuhi moja alileta kiti chake kibovu karakanani.

"Kitachukua siku ngapi, kaka?"

Fundi alitaka kujibu. Lakini alikuwa ametoka tu kusogeza kochi hatua mbili. Alikaa chini, akahema, akainua vidole vitatu.

Dada Mizani aliacha habari za kiti. Akatazama miguu ya fundi.

"Kaka, nipe mguu."

"Mguu wa kiti?"

"Wako."

Akabonyeza kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, akahesabu mpaka kumi. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Bonyeza hiyo sponji yako," alisema.

Fundi akabonyeza. Sponji iliinuka palepale. Shimo la mguuni lilikuwa bado lipo.

"Unaona? Huu si mnofu, kaka. Haya ni maji. Sasa panda hapa."

Mizani ilionyesha kilo sabini na nne. Fundi alitoa kadi yake ya kliniki. Wiki tano nyuma aliandikiwa kilo sitini na nane.

Mke alikuja akifuta mikono. "Kuna nini? Si amenawiri?"

"Wifi, mtazame mkono wake," Dada Mizani alisema kwa upole. "Umekonda. Lakini miguu na tumbo vimejaa. Mtu anayenenepa kwa chakula hanenepi hivi. Moyo ukichoka, maji yanabaki mwilini. Mizani inapanda, huku nyama ya mwili inapungua. Kaka, unalala na mito mingapi?"

Fundi alitazama chini. "Mitatu. Nikilala chali pumzi inakata."

"Ulisema ni shingo!" mke alisema.

"Nilisema."

"Mtamalizana baadaye," Dada Mizani alisema. "Sasa hivi tunakwenda kliniki. Leo, si kesho."

Daktari alisikiliza kifua cha fundi, akamlaza siku nne. Alimbadilishia dawa na kumwongezea nyingine ya kutoa maji. Fundi alikwenda chooni mpaka akachoka kuhesabu. Kila asubuhi mizani ilishuka.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwapeleka kwa mtaalamu wa lishe. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini na daftari kubwa.

"Sitawaambia msile nini," alianza. "Kwanza niambieni mnakula nini. Tuanze asubuhi."

Walimwambia. Chai na mkate. Mchana, siku hizi hakuna kitu. Karanga za chumvi wakati wa kazi. Walipofika jioni, mke alikaa vizuri kwenye kiti.

"Jioni ni supu yangu. Hiyo haachi."

Alieleza mboga zote, kisha akataja vile vidonge viwili. Kijana alifungua droo, akatoa pakiti ya vidonge kama hivyo, akasoma maandishi madogo. Halafu akachukua chumvi, akaijaza kwenye kijiko cha chai, akaimwaga juu ya karatasi.

"Chumvi iliyo ndani ya vidonge viwili inakaribia hii. Mtu mzima, hata asiyeumwa, hatakiwi kupita kipimo hiki kwa siku nzima. Na bado hatujagusa mkate wala karanga. Chumvi inashika maji mwilini. Pia inaleta kiu, mtu anakunywa zaidi, na moyo uliochoka unashindwa kuyatoa."

Machozi yalimlengalenga mke.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namzamisha."

"Hapana, mama. Ulimpikia kwa mapenzi, na hakuna aliyekuambia. Sisi tulimpa dawa tukasahau kuuliza habari za jiko."

Fundi akakohoa kidogo. "Hata mimi nina langu. Ulipokuwa unageuka, nilikuwa naongeza chumvi."

Mke aliacha kulia papo hapo. "Kwenye supu yangu?"

"Kidogo tu."

"Miaka ishirini na sita nakupikia, unaniongezea chumvi kwa siri?"

Kijana alificha uso nyuma ya daftari. Mabega yake yalikuwa yanacheka. Kisha fundi akacheka, na mwisho mke mwenyewe.

Waliposhusha pumzi, kijana aliendelea. "Mzee, kuacha kula hakutoi maji haya. Kunakula misuli yako tu. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Kula mayai, maharage, samaki asiyetiwa chumvi, mboga na matunda. Maji ya kunywa, fuata kipimo alichokupa daktari. Dawa usiache."

"Na ile chumvi nyingine ya dukani, wanayosema haina madhara?" mke aliuliza.

"Msiinunue bila kumuuliza daktari. Nyingine inagombana na dawa za moyo. Na kila asubuhi apime uzito, akishatoka chooni, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo mbili kwa siku mbili au tatu, msingoje. Tupigieni."

Jioni ya kwanza nyumbani, fundi alionja supu isiyo na vidonge. Akaweka kijiko chini.

"Mke wangu, hii umeipika au umeiosha?"

Mke hakukasirika. Alikuwa mpishi. Kesho yake alikaanga vitunguu polepole mpaka vikawa rangi ya asali. Akatia nyanya, kitunguu saumu na tangawizi. Mwisho akakamua ndimu. Siku nyingine alijaribu pilipili manga. Wiki ya tatu fundi aliomba kuongezewa. Ulimi wake ulikuwa umejifunza.

Uzito aliuandika kwa chaki kwenye ukuta wa karakana. Mteja mmoja aliuona, akadhani ni vipimo vya kochi lake, akalalamika kwamba ni fupi mno.

Asubuhi moja, siku mbili baada ya sherehe ya jirani, chaki iliandika sabini. Juzi yake ilikuwa sitini na nane. Zamani fundi angenyamaza. Safari hii alimwita mkewe, na mkewe akapiga simu kliniki. Daktari alimpima fundi siku hiyohiyo, akarekebisha dawa. Jioni fundi alikuwa nyumbani.

Mwezi uliofuata alipata kazi kwenye jengo la ofisi, ghorofa ya tatu. Vijana wa ofisi walibeba makochi. Yeye alipanda na mkoba wa vifaa, taratibu, akipumzika kila ghorofa kama daktari alivyomshauri. Kinyozi alikwenda kumsaidia kuvuta vitambaa.

Mchana wakafungua chakula alichofunga mke: maharage, mayai mawili na mboga za majani. Kinyozi alichota kijiko. Akachota kingine.

"Unaniambia hakuna chumvi humu?"

"Ipo kidogo sana."

"Sikubali. Mpigie shemeji."

Fundi akapiga simu. "Mke wangu, kinyozi anabisha. Anasema chakula ni kitamu mno."

"Mwambie kesho aje na bakuli lake," mke alijibu. "Wewe je, umekula?"

Fundi alitazama chombo. Kilikuwa kitupu, na kinyozi alikuwa amekula vijiko viwili tu.

"Nimemaliza," alisema. "Kesho uongeze."