Kamera Mahali pa Kioo

Kila asubuhi Mama alipowasha pikipiki uani, Bibi alijisogeza kitandani hadi karibu na dirisha, akasikiliza. Aliusikiliza mngurumo ukitoka getini, ukishuka barabara ya vumbi, mpaka ulipopotea katikati ya kelele za magari. Hapo alishusha pumzi na kusema, "Haya, ameshakwenda huyo." Ungedhani Mama amesafiri ng'ambo, kumbe alikuwa anapeleka vifurushi vya wenye maduka humo humo mjini, na jioni angerudi.

Tangu aanguke bafuni na kuvunjika nyonga, Bibi hakuwa akitoka chumbani. Chakula cha mchana alikidonoa tu. Pikipiki ilipokuwa barabarani, roho yake nayo ilikuwa barabarani. Mama aliporudi, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Salama, mwanangu?"

"Salama tu, mama."

"Hukuanguka?"

"Ningeanguka ningekuwa nimesimama hapa?"

Jioni moja Bibi hakuridhika na jibu hilo. "Mwanangu, nimechoka kulala na presha. Hilo dubwana liuzwe. Nimeshamwambia kaka yako atafute mnunuzi."

Mama hakubisha. Alivua kofia yake ngumu, akaiweka juu ya kabati, akaenda jikoni. Mama aliipenda kazi ile kuliko kazi zote alizowahi kufanya, na ukimya wake ndio uliomtia hofu binti yake.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila mtu alimwita Betri, hata mwalimu wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiishiwa nguvu. Usiku huo Betri alijigeuzageuza kitandani. Bibi hajawahi kumwona Mama akiendesha, aliwaza. Anasikia mngurumo tu. Angeona jinsi Mama anavyoendesha kwa uangalifu, si angetulia?

Kesho yake alimwendea mjomba wake, mpiga picha wa harusi, aliyekuwa na kamera ndogo ya video inayoenea kiganjani. Mjomba alikubali kumwazima. "Lakini Jumapili niwe nayo mkononi," alisema. "Nina bwana harusi anayetaka kupigwa picha hata akitafuna."

Betri aliipeleka kamera kwa fundi pikipiki wa mtaani, pamoja na kishikio chake cha chuma. Fundi alijifuta grisi mikononi, akaigeuza huku na huku.

"Hii inataka kufungwa kwenye bomba la usukani," alisema. "Sina bana ya kipimo hiki. Njoo Jumatatu, nitakuwa nimeichonga."

"Fundi, Jumatatu nimechelewa! Si tunaweza kutoa kioo kimoja tukaifunga kwenye tundu lake?"

"Na mama yako akitaka kuona nyuma, atazame wapi? Mfukoni?" Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Tundu la kioo ni la kioo, binti. Subiri Jumatatu."

Betri alishukuru, akaondoka. Lakini Ijumaa jioni alichukua spana, akalegeza nati, akatoa kioo cha kulia na kufunga kamera mahali pake. Alikipinda kishikio nyuma kidogo ili video ionyeshe barabara na mikono ya Mama pia. Kwa kweli aliifunga vizuri, na alijisifu moyoni.

Asubuhi Mama alisimama mbele ya pikipiki, mikono kiunoni. "Kioo changu kiko wapi?"

"Ni kwa leo tu, Mama. Nataka Bibi akuone ukiwa kazini. Akikuona hatasema tena pikipiki iuzwe."

Macho ya Mama yalilainika. "Fundi ameiona hii?"

"Ameiona," Betri alijibu haraka.

Si uongo, alijiambia. Kamera fundi aliiona. Mama alitazama vifurushi vinavyomngoja, akatazama uso wa mwanawe uliojaa matumaini, akakubali shingo upande.

Jioni alirudi akiwa kimya kuliko kawaida. "Salama, mwanangu?" Bibi aliuliza. "Salama tu, mama," Mama alijibu, akamkabidhi Betri kamera na kwenda kuoga.

Betri alihamishia video kwenye simu na kuitazama peke yake, amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Mwanzo ulimfurahisha mno. Mama alipunguza mwendo penye watoto. Mama alisimama kumpisha mzee mwenye baiskeli. Kisha barabara ikateremka kuelekea darajani, na mbele kukawa na shimo. Mikono ya Mama ilipinda kidogo, kama ya mtu anayegeuka kutazama nyuma, ikanyooka, na pikipiki ikasogea kulia kulikwepa. Kufumba na kufumbua, honi ililia na ubavu wa gari kubwa ukapita karibu mno hata video nzima ikatetemeka. Pikipiki iliyumba. Mikono ya Mama haikuachia usukani. Ilikaza, ikalegeza, ikakaza tena, mpaka pikipiki ikasimama pembeni ya daraja.

Picha haikusogea tena kwa muda. Kilichosikika ni Mama akihema. Halafu sauti yake, ndogo, kama anajisemea: "Ningekuwa na kioo, ningeliona. Ujinga wangu mwenyewe huu."

Haukuwa ujinga wa Mama, Betri alijua. Alitaka kulia, akaogopa kusikika. Bibi akiliona lile gari, pikipiki itauzwa kesho! Basi akafanya alichodhani kitamwokoa Mama: akakikata kile kipande, akaunganisha kilichotangulia na kilichofuata, na video ikatoka safi.

Baada ya chakula alimwekea Bibi simu mikononi. Mama alikaa kwenye kigoda, akitazama kwa kuibia. Bibi alisogeza miwani na uso wake ukachanua.

"Hebu mwone! Kwa hiyo ndivyo anavyoshika huko? Na yule mwenye baiskeli amepishwa! Mwanangu, kumbe una adabu barabarani kuliko nyumbani."

Walicheka wote. Kisha Bibi akakunja uso. "Hebu rudisha nyuma. Hapa tuko kwenye mteremko. Hapa tumeshafika sokoni. Daraja mmelipeleka wapi?"

Betri alikuwa amesahau kwamba, kabla nyonga haijavunjika, Bibi alikuwa mshonaji sokoni, na njia ile aliipita kwa miguu kila siku ya kazi. Hatua moja ikipungua, angejua.

Mama alikohoa. "Kamera ilizima kidogo, mama. Vitu vya umeme hivi."

Betri alimtazama Mama. Aliona jinsi uongo ule ulivyomtoka kwa shida, na kwamba ulimtoka kwa ajili yake. Akapiga moyo konde.

"Haikuzima, Bibi. Nimekata mimi." Machozi yalimtangulia. "Na Mama, fundi aliiona kamera, lakini alinikataza kutoa kioo. Aliniambia nisubiri. Haukuwa ujinga wako. Nimesikia ulivyosema. Ulikuwa ujinga wangu, na ungekufa!"

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Bibi alisema, "Niwekee yote."

Betri alifungua video ya mwanzo, isiyokatwa, wakaitazama yote. Honi ilipolia, Bibi alimshika Mama mkono na hakuuachia. Video ilipokwisha, akasema, "Rudisha pale penye shimo." Akatazama tena. Na mara nyingine tena.

"Mikono hii," alisema taratibu. "Mtu mwingine angeitupa hiyo pikipiki mtaroni. Hii mikono haikuchanganyikiwa."

"Kwa hiyo hutaiuza?" Betri aliuliza huku akifuta pua.

"Kwanza kioo kirudi kabla pikipiki haijatoka uani. Na wewe kesho utakwenda kwa fundi kumwomba radhi, maana umelitumia jina lake kuhalalisha kosa lako." Kisha Bibi akamgeukia Mama. "Nawe mwanangu, kila siku salama tu, salama tu. Unadhani nimezaliwa jana? Mtu gani anashinda barabarani na kila siku ni salama tu?"

Mama aliinamisha kichwa. "Sikutaka kukutia wasiwasi, mama."

"Na ndivyo mlivyonitia. Sikilizeni, nyote wawili. Mkinipa nusu ya jambo, ile nusu nyingine naijaza mwenyewe na hofu yangu, na hofu haijawahi kujaza kitu kidogo. Mimi humu ndani nimeshakuzika mara nyingi, mwanangu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuona ukinusurika." Alimvuta Betri kando yake. "Ulitaka kunituliza, najua. Ukweli wa nusu unamtuliza anayeusema tu. Anayeupokea anabaki gizani, na gizani ndiko watu wanakoumia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

Mama alitoka kwenye kigoda, akapanda kitandani upande wa pili, akalaza kichwa begani kwa mama yake.

"Mama," alisema hatimaye, "leo niliogopa sana."

Bibi aliupitisha mkono kwenye nywele zake. "Haya. Nieleze."