Alama za Penseli Mlangoni

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani wa miaka hamsini na moja, mtu asiye na hata muda wa kutunga uongo.

Nyumba waliyokulia yeye na dada yake ilikuwa inabomolewa kesho yake. Dada yake akampigia simu: "Kaka, nipigie picha vile vidogo vidogo tu. Komeo, ufa wa sakafuni, alama zetu mlangoni." Akaenda mchana, baada ya kushona sare siku tatu mfululizo, mgongo ukimuuma.

Umeme ulishakatwa na madirisha yamepigiliwa mbao, ndani giza totoro. Akawasha tochi ya simu. Kwenye fremu ya mlango wa chumbani, marehemu mama yao alizoea kuwapima urefu kwa penseli na kuandika umri pembeni. Mistari ya rafiki yangu ilikuwa sita, wa mwisho wa miaka kumi na minane. Akaipiga picha.

Kisha uchovu ukamzidi, akaegemea fremu ile ile na kufumba macho. Akasikia kitu kikikwaruza mbao taratibu, usawa wa utosi wake.

"Nikasema ni panya," aliniambia. "Nilichoka hata kugeuka."

Akaipiga picha tena ile fremu haraka, isije ikawa ya kwanza imetoka vibaya, akaondoka.

Jioni, baada ya kutumiwa picha, dada yake akampigia. "Mbona picha hizi mbili za mlango hazilingani?"

Nimeziona. Katika ya pili, mistari yake ni saba. Wa saba uko chini ya wa sita kwa vidole viwili, na pembeni yake, kwa mwandiko wa mama yao, imeandikwa hamsini na moja.