Bendeji ya Mkono wa Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi, shangazi yake Chapuchapu alipita nyumbani kwao kabla ya kwenda kufungua chumba chake cha kazi. Alikuwa tabibu wa Ayurveda, elimu ya kale ya afya iliyotoka Bara Hindi, na salamu zake zilijulikana na ukoo mzima. Badala ya kukupa mkono, alikushika kifundo cha mkono, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akasikiliza mapigo. Wanaume aliwashika mkono wa kulia, wanawake wa kushoto. Kisha angekwambia kwamba jana hukulala vizuri, au umegombana na mtu. Baba alisema dada yake huyo angefaa kuwa polisi.

Chapuchapu, binti wa darasa la saba aliyepewa jina hilo kwa kuwa hatembei pale anapoweza kukimbia, zamani alizipenda salamu hizo. Sasa aliziogopa kupita kiasi. Kwa wiki tatu moyo wake ulikuwa ukimwenda mbio bila sababu. Aliweza kuwa ameketi darasani, kimya, mara kifua kinadunda, mikono inatetemeka, jasho jembamba linamtoka. Babu yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo, na nyumbani walizoea kusema kwamba yeye na babu ni pua moja na hasira moja. Chapuchapu akamalizia mwenyewe: na moyo mmoja. Aliamini anakufa. Aliamini pia kwamba shangazi akigusa mshipa ule atajua, na akishajua, basi itakuwa kweli.

Jumamosi ya kwanza alijificha bafuni. Ya pili alijifanya amelala. Ya tatu alijifunga bendeji mkono wa kushoto, akasema ameteguka kwenye mpira wa pete. Shangazi alimtazama tu, kisha akamwambia avae viatu waende akamkande.

Chumba cha shangazi kilikuwa nyuma ya duka la fundi saa. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa shuka nyeupe, chupa za mafuta ya ufuta dirishani, na sufuria ya maji ya moto ambamo chupa moja ilikuwa ikipashwa. Chapuchapu alikaa ukingoni mwa meza huku moyo umeshaanza vituko vyake. Shangazi akaifungua bendeji polepole. Mkono haukuwa umevimba hata kidogo. Shangazi akaweka vidole vitatu juu ya mshipa.

Chapuchapu akafumba macho. "Shangazi, nitakufa lini?"

Hapo yakamtoka yote, machozi na maneno pamoja. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mapigo yanakwenda kasi, nimesikia," alisema. "Lakini vidole vyangu havioni ndani ya moyo. Hospitali wana mashine ya kuuangalia. Twende sasa hivi, baba yako nitampigia tukiwa njiani."

Hospitalini walimlaza kitandani, wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikaanza kutoka kwenye mashine imejaa mistari. Chapuchapu aliikunja shuka mkononi mpaka vidole vikamuuma. Daktari aliisoma karatasi ile, kisha akairudia tena kuanzia juu.

"Leo umekula nini?" daktari akauliza.

Hakuwa amekula kitu. Na jana je? Chapuchapu alimtupia shangazi jicho, akaamua kusema ukweli. Mtihani ulikuwa karibu, kwa hiyo alikuwa ameacha chai ya asubuhi na chakula cha mchana ili asome. Usingizi ulipomshika, alikunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye kibanda karibu na shule, vikopo vitatu kwa siku.

Daktari akaweka karatasi chini. "Moyo wako ni mzima. Wewe ndiye unauchapa viboko, halafu unashangaa ukikimbia."

Chapuchapu alilia upya, safari hii kwa kupata nafuu. Nje, kwenye benchi, shangazi alimweleza kwamba Ayurveda inamtazama kila mtu kama mchanganyiko wa upepo, moto, na maji yaliyoungana na udongo, na kwamba afya ni kutoruhusu kimoja kiwatawale wenzake. Chapuchapu mwenyewe alizaliwa na upepo mwingi, ndiyo maana ana akili nyepesi na miguu isiyotulia. Njaa, haraka na vile vikopo vilikuwa vikiuongeza upepo huo. Chapuchapu alisubiri atajiwe unga mchungu wa kunywa, lakini aliambiwa ale chakula cha moto asubuhi saa ileile kila siku, mchana ale akiwa ameketi, vikopo aache kabisa, na alale mapema.

"Hayo si ndiyo mama anayosema kila siku?"

"Ndiyo, tena bila kwenda kuyasomea. Ulimsikiliza?"

Wiki chache baadaye moyo ulikuwa umetulia, na mtihani aliufanya akiwa ameshiba. Jioni ya siku hiyo shangazi alimpaka mafuta ya vuguvugu miguuni, mama akiwa ameketi karibu.

"Mapigo yako hayakunitisha," shangazi alisema. "Kilichonitisha ni ile bendeji. Mtoto mdogo, wiki tatu unakibeba kifo peke yako, na nyumba nzima imejaa watu wanaokupenda. Kula kwa wakati na kulala kwa wakati utajifunza. Lakini siku ukiogopa tena, mwanangu, njoo tuogope wote."