Vita vya Bezzecca Vyafika Al-Safa

"Ni akina nani hawa wanaoshuka mlimani kesho alfajiri?" madam aliuliza, simu ya Rosebellah mkononi.

Rosebellah aliisimamisha pasi pembeni, akafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na maji.

Madam alikuwa ameomba ile simu kama kawaida. Ndiyo iliyowasaidia kuelewana pale nyumbani, mtaa wa Al-Safa huku Saudia: madam anaongea Kiarabu, simu inatoa Kiswahili. Siku hiyo alitaka tu kueleza jinsi ya kufua mapazia ya sebuleni. Kabla hajafungua mdomo, ujumbe ukaingia, na yeye akaubonyeza utafsiriwe.

"Mpenzi, kesho alfajiri tunashuka mlimani. Bunduki zetu ni mbovu na wengi wetu hatujawahi kupigana, lakini kile kijiji cha Bezzecca lazima tukichukue. Ukisikia mizinga usiogope. Zablon wako."

"Madam, hiyo ni hadithi."

"Hadithi ya nani?"

"Ya Waitaliano. Mwaka 1866."

"Huyu Zablon ni Mwitaliano?"

"Ni Mkenya. Ni dereva, yuko Riyadh."

Kila jibu lilikuwa linamzamisha zaidi, na alijua. Madam alipandisha juu kusoma jumbe za nyuma, na kila alipogusa palikuwa na vita. Jemadari wetu ameumia paja. Ngome imesalimu amri, tunasonga mbele. Hakuna aliyekuwa ameandika kwamba hawa ni watu waliokufa zamani.

"Halas, yatosha," madam alisema. "Simu inabaki kwangu. Baba akirudi Ijumaa ataamua. Polisi, au ofisi iliyokuleta."

Rosebellah alibaki na shati la baba, mume wa madam, mbele yake, nusu limenyooshwa. Hakulia mpaka madam alipotoka.

Rosebellah hakuwa amewahi kumwona Zablon kwa macho, ila kwa picha. Walijuana kwenye grupu la WhatsApp la Wakenya wanaosoma Biblia pamoja. Kabla ya Saudia Zablon alikuwa mwalimu wa bodi, aliyeajiriwa na shule yenyewe, huko Malava, akifundisha historia kwa mshahara unaokuja ukipenda, ndipo akaja Riyadh kumwendesha mzee mmoja mstaafu. Alipoanza kumwambia Rosebellah maneno ya mapenzi, Rosebellah aliona aibu, akamwomba amsimulie kitu kingine, chochote. Zablon akachagua vijana waliojitolea, seremala, wanafunzi, vinyozi, waliovaa mashati mekundu wakapanda milima ya kaskazini kuwatoa Waaustria katika ardhi ya Italia. Alisimulia habari zao kana kwamba yumo miongoni mwao. Na katikati ya mizinga alikuwa akipenyeza neno lake. "Leo baridi imetuuma sana. Nimekuwekea nafasi kando ya moto." Rosebellah alikuwa akisoma hayo huku ananyoosha nguo, na moyo wake ukahamia Riyadh bila kuaga.

Sasa moyo huo huo ulikuwa umemtia matatani. Kazi ingeweza kuisha, jina lake lingeweza kuchafuka mpaka Vihiga kwa mama yake, na mtu pekee wa kumtetea alikuwa sauti tu kwenye simu.

Siku iliyofuata Sellah, rafiki yake Mkenya, alikuja. Yeye anafanya kazi mtaa wa Al-Nuzha, na madam wake alipokuja kunywa kahawa, alimleta abebe mtoto. Wakakutana jikoni. Rosebellah alimsimulia yote kwa kunong'ona, na Sellah akashika kiuno.

"Aki Rose. Wengine wanaandikiwa mashairi, wewe unaandikiwa vita."

"Nisaidie basi. Mpigie. Mwambie afute kila kitu na asiniandikie tena. Sitaki ashikwe kwa sababu yangu."

Sellah, ambaye naye alikuwa kwenye lile grupu la Biblia, alitoka na mtoto uani, akapiga. Aliporudi uso wake ulikuwa hauna habari njema.

"Nimemweleza yote. Amesema 'nimesikia', akakata."

"Tu?"

"Tu. Dada, nikwambie ukweli? Hawa wa simu wakisikia neno polisi wanabadilisha laini. Wangu wa kwanza alipotea kwa kusikia tu kafili aliyeniajiri amekasirika."

"Zablon si hivyo."

"Umewahi kumwona?"

Rosebellah alichukua birika akaanza kulisugua, na lilikuwa safi.

Ijumaa baada ya swala, baba akarudi kutoka safari. Alimwita Rosebellah sebuleni. Madam alikuwa ameketi kando yake, na ile simu iko mezani kama mgonjwa anayesubiri daktari. Baba hakufoka. Alisoma, akauliza, akasoma tena. Kisha akasema yeye hana ugomvi naye, ila ana watoto ndani ya nyumba hii, na mtu mwenye watoto habahatishi. Alikuwa ameshainua simu yake mwenyewe pale kengele ya getini ilipolia.

Aliyeingia ni mzee mwenye fimbo na ndevu nyeupe. Nyuma yake kijana mrefu mwembamba, shati limekunjamana mgongoni kwa safari ndefu. Rosebellah alimtambua kabla hajasema kitu.

Mzee akajitambulisha kuwa kafili wa huyu kijana, mwajiri wake, na kwamba wametoka Riyadh. Mgeni mzee hawezi kuachwa amesimama. Baba akaweka simu chini, akawakaribisha.

"Wewe ndiye wa mizinga?" baba alimuuliza Zablon.

"Ndimi, bosi."

"Unajua kwamba nikipiga simu wanaweza kukuchukua hapo ulipo?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nikijificha, yeye ndiye atakayeonekana ana hatia."

"Kwa nini unaandika sisi, sisi? Wewe ulikuwepo?"

Zablon alikuna kichwa. Kiarabu chake kilikuwa cha barabarani, lakini kilitosha. "Nilikuwa mwalimu, bosi. Nikisema 'wao walipigana', darasa zima linalala. Nikisema 'sisi', mpaka wa nyuma wanaamka. Nikazoea. Kosa ni langu. Yeye alikuwa anasoma tu."

"Na mimi nilipigana nao," mzee akadakia. "Kuanzia Riyadh mpaka Taif. Alikataa kunyamaza. Hata tulipokula alikuwa anapanga askari kwa tende."

Baba alijaribu kukaza uso, ikashindikana. Akachukua simu yake, akatafuta Bezzecca, akasoma, akampitishia mkewe. Madam alisoma pia. Aliinua macho.

"Na kijiji? Mlikichukua?"

Wote wakamgeukia.

"Tulikiingia, na asubuhi hiyo hiyo tukakipoteza, madam," Zablon alisema. "Jemadari hakuweza kupanda farasi kwa sababu ya paja, basi aliongoza vita kutoka ndani ya gari la kukokotwa. Mimi hapo huwa nawaza dereva wake. Risasi zinapita, na bosi anasema endesha. Mchana mizinga yetu ikafika, tukaingia na visu kwenye midomo ya bunduki, tukakichukua."

"Kisha?"

"Kisha baada ya wiki chache ikaja simu ya maandishi, telegramu. Wakubwa wamepatana. Rudini mlikotoka. Jemadari akajibu kwa neno moja, kwamba ametii."

"Wameshinda, halafu warudi?" Madam alifyonza. "Wakubwa." Akamtazama mumewe kana kwamba ndiye aliyetuma ile amri.

Baba aliisukuma simu mezani mpaka ikamfikia Rosebellah. "Mafi mushkila, hakuna shida," alisema. "Chukua simu yako, binti. Tulikosea, na hofu ilitukosesha."

Rosebellah aliichukua. Baadaye Sellah angemwambia kwamba siku ile Zablon alimpigia tena muda mfupi baada ya kukata, akaomba ramani ya nyumba, naye Sellah hakuwa na njia ya kumjulisha Rosebellah kwa kuwa simu ilikuwa kwa madam.

Zablon akasimama. Aliomba ruhusa kwa kafili wake, kisha kwa baba na madam, halafu ndipo akamgeukia yeye. Alianza kwa kulinyoosha shati lake lililokunjamana, huyu aliyeteka vijiji.

"Rosebellah. Nilitaka nikuone mara nyingi kwanza. Lakini nikiwa barabarani nimeona nitajuta. Nataka tukimaliza mikataba yetu, nije kwenu nikuoe. Utakubali?"

Rosebellah aliinamisha kichwa. Madam akatabasamu, akamwambia mzee kwamba kwao binti akinyamaza, tayari amekubali.

Kwa Rosebellah hilo lingekuwa rahisi. Angebaki ameinama tu, na lingeisha. Lakini mtu alikuwa ameendesha gari kuvuka jangwa ili aseme mbele ya watu kile alichoweza kukificha, na yeye hakutaka simu wala madam wamjibie. Akainua uso.

"Nimekubali," alisema kwa Kiarabu, madam asikie. Kisha kwa Kiswahili, kwa Zablon peke yake: "Nimekubali. Lakini mahari utaongea na mjomba wangu, na yule hapendi hadithi. Ukianza na mizinga atakufukuza."

Zablon alicheka mpaka akaketi bila kuambiwa. Mzee akataka atafsiriwe. Rosebellah, mashavu yakiwaka, aligeuka aende jikoni kuleta kahawa, kama alivyofanya kila mgeni alipokuja.

Madam alimshika mkono.

"Keti," alisema, akasimama yeye. "Leo namimina mimi."