Alijua Baka Lile ni Nini

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na moja. Mimi ni Mhehe wa Kalenga, ila ndoa ilinipeleka Uyole, karibu na Mbeya. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia vidole vyake vimejikunja. Someni, mtajua kwa nini.

Mume wangu, Edwadi, alikuwa mchuuzi wa mchele. Kila mwezi alikwenda Ubaruku kununua, akirudi anauza mjini Mbeya. Alikuwa mpole kwangu, na tulijaliwa binti mmoja, Neema.

Siku moja nilipokuwa nikioga niliona baka begani, jeupe kidogo kuliko ngozi yangu. Haliwashi, haliumi... Nikamwonyesha mume wangu. Alilitazama kwa muda, akageuza uso.

“Ni choa tu,” akasema. “Usimwonyeshe mtu.”

Akaniletea dawa ya kupaka kutoka dukani. Nilipaka mpaka kopo likaisha, nikafungua jingine. Baka likapanuka! Likazaa mengine mgongoni na mkononi. Nikamwomba anipeleke kwa daktari. Akanikatalia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

Mama mkwe alipoyaona mabaka yale, alisema nimelaaniwa. Wakanihamishia chumba cha nyuma mlimowekwa mahindi. Kisahani changu peke yangu, kikombe changu peke yangu. Majirani waliambiwa nimekwenda Kalenga kumuuguza mama. Nikisikia wanawake wakicheka njiani kwenda sokoni, natamani kupiga kelele... lakini nani angenisikia? Mchana mama mkwe alinifungia na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Neema alilala na bibi yake. Alikuja dirishani kuniita, akafukuzwa. Jamani! Kuna kifungo kinachozidi kumsikia mwanao akilia nje ya ukuta, nawe huwezi kumfikia?

Baada ya muda sindano niliyoshonea mle chumbani ikaanza kunitoka vidoleni bila mimi kujua. Nikadhani ni baridi ya Uyole.

Mungu si mtu! Mama yangu alikuwa hajasikia habari zangu siku nyingi, akapanda lori akaja mwenyewe. Edwadi alikuwa safarini, alisema Ubaruku. Mama mkwe akashindwa kumrudisha mkwe wake mlangoni, akanifungulia upesi na kunivalisha gauni la mikono mirefu.

Nikaenda jikoni kumpikia mama. Niliepua sufuria, nikaishika huku nikimweleza habari za nyumbani. Ghafla akapiga ukelele.

“Anjelina! Mkono unaungua, nawe unacheka?”

Nikatazama. Ngozi ya kiganja imebaki kwenye sufuria... nami sikusikia chochote.

Mama akapandisha mkono wa gauni langu. Akayaona mabaka. Akamwita Neema, akamvua nguo. Mgongoni mwa mwanangu palikuwa na baka moja, dogo kama kifungo cha shati.

Hapo ndipo nilipolia.

Asubuhi mama mkwe alisimama mlangoni kutuzuia. Mama akamwambia, “Mkwe, nipishe. Mlitoa mahari ya mke, si ya mfungwa.”

Tulipanda lori hadi hospitali moja ya misheni kwenye njia ya Iringa. Daktari akaniambia nifumbe macho, niseme kila akinigusa. Nikangoja. Nikamwuliza mbona haanzi. Akajibu kwa huruma, “Nimekwisha maliza, mama.”

Ulikuwa ukoma. Alisema kuna vidonge vya kuutibu, na Neema amewahi, hataharibika. Ila mkono wangu... nimechelewa.

Nilitoka nje. Kwenye benchi la wagonjwa waliongoja vidonge, nikamwona mwanamume amekunja mkono wa shati, baka lake limefifia. Alikuwa Edwadi!

Ubaruku gani huo? Alikiri mwenyewe kwamba alikuwa akitibiwa tangu kabla sijaona baka langu la kwanza. Alijua! Aliambiwa alete watu wote wa nyumbani wachunguzwe, akanyamaza. Alianguka magotini mbele ya watu.

“Wangejua, nani angenunua mchele wangu?” akasema.

Sikumtukana. Nilimshika mwanangu, nikampita.

Sasa naishi Kalenga kwa mama. Mwili wangu umepona, nalima kwa mkono ulio mzima na huu mwingine unasaidia unavyoweza. Mgongo wa Neema umetakata kabisa. Edwadi ametuma wazee mara nyingi... moyo wangu haujakubali.

Ndugu zangu, nawasihi! Baka lisilowasha, lisilouma, lisilosikia moto wala pini, msilifiche ndani ya nguo. Mume akikataza, nenda. Mama mkwe akisema ni laana, nenda. Mpeleke na mtoto. Aibu niliyoiogopa ilikwisha siku moja pale hospitalini, lakini vidole vyangu havitanyooka tena.